Masharubu ya Upande Mmoja

Tikauli, 8 Julai 1997

Dada Kusum,

Shikamoo. Naigusa miguu yako kwa mbali, na ya wakubwa wote wa nyumba hiyo, kwa mpangilio wanaoutaka wenyewe. Mama hajambo. Goti lake limetabiri mvua, redio nayo imetabiri jua, na mwaka huu vyote viwili vimekosea. Nyati wetu wa maziwa amezaa ndama dume, kwa hiyo hakuna aliyempongeza.

Sasa habari. Unamkumbuka Pannalal, mpiga video za harusi. Msimu umekwisha, kamera imekaa bure, naye ameamua kutengeneza picha ya kweli, ya ngumi na vichekesho, humu humu Tikauli. Inaitwa Mafahali Wawili. Mafahali ni mimi na Halke. Tunapigania ubabe wa mji. Tunafukuzana kwa baiskeli sokoni, tunarushiana matikiti, na mimi naangukia kwenye karai la muuza vitumbua. Usimwambie Mama kwamba mara ya kwanza karai lilikuwa bado na moto.

Halke ni yule yule. Wazazi wake walimpa jina la kitu kidogo, lakini akikaa kwenye kitanda cha kamba, aliye upande wa pili hupanda juu. Tangu tukiwa watoto wa uwanja wa mieleka hajawahi kukubali kuwa nilimwangusha, wala mimi sijakubali kuwa aliniangusha, na sijui siku aliyokula kitu kitamu asinibakizie.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili tulipiga tukio la kinyozi. Mimi nimelala kwenye kiti, Halke anamsukuma kinyozi kando, anashika wembe na kuninyoa sharubu la kushoto ili mji unicheke. Pannalal alikataa ujanja wa gundi, eti kamera inaona. Basi nikanyolewa kweli. Tukio limetoka vizuri mno. Hata mbuzi aliyekuwa akipita nyuma aligeuka kunitazama.

Kumbe kila tukio linalofuata, mpaka pigano la mwisho, linanitaka na sharubu la upande mmoja. Pannalal amemwagiza kinyozi anipitie kila asubuhi lisije likaota. Siwezi kuliacha liote, picha itaharibika. Siwezi kunyoa la kulia nalo, maana unajua mwenyewe: mwanamume wa hapa akionekana na mdomo mtupu, watu hawaulizi, wanakuja na pole za msiba. Mama alinishika sikio akasema, "Siku utakayonyoa yote mimi nikiwa hai, ujue umenizika." Kwa hiyo natembea na kitambaa usoni kama mwizi wa kuku, na kwako siwezi kuja hivi. Nikibisha hodi kwa wakwe zako na nusu ya uso, mimi nitaondoka, aibu itabaki na wewe.

Lakini ni wiki chache tu. Pigano la mwisho likishapigwa, naliacha liote, nakuja kukuchukua uje ujifungulie nyumbani, kwa heshima zote na kikapu cha vitamu. Vuta subira.

Mdogo wako,
Nandan


Nagla Sarai, 21 Julai 1997

Mdogo wangu Nandan,

Marahaba, uishi mpaka uote meno mapya. Huku sote wazima. Baba mkwe hajambo na anakusalimu. Amekaa hapa barazani karibu nami, kwa kuwa barua za nyumba hii husomwa na mkubwa wa nyumba kabla hazijafungwa; jambo jema, maana hunisahihishia. Mama mkwe hajambo. Dada Rampyari, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, hajambo, haongei sana. Shemeji yako yuko Surat kwenye viwanda vya nguo, ametuma salamu na shati lisilomtosha mtu yeyote. Mimi sikosi kitu. Nalala vya kutosha, nakula vya kutosha, na sijatoka nje ya lango tangu mvua za kwanza, kwa hiyo sina hata matope ya kulalamikia.

Baba mkwe, kwa ukarimu wake, amekubali mtoto wa kwanza azaliwe uani kwa mama yangu, kama ilivyo desturi. Sharti ni lile lile la siku zote: mke wa nyumba hii hatoki peke yake, wala na jirani, wala na dereva. Kaka yake aje, aketi, ale, aombe ruhusa, amchukue. Na aje kabla mwezi wa saba wa mimba haujaisha. Wa nane ukiingia, hakuna mjamzito wa hapa anayevuka mto. Mwisho wetu basi ni kama tarehe ishirini ya Septemba.

Habari ya masharubu imenichekesha. Baba mkwe hakucheka. Anasema mtu aje na uso mzima.

Hilo pigano lenu la mwisho linachukua muda gani? Sisi wanawake tukigombana kisimani tunamaliza kabla ndoo haijajaa. Nimetia humu nyuzi mbili za sikukuu ya ndugu, wako na wa Halke, kama nilivyowafungia mkononi miaka yote. Mwambie asiunyooshe mkono sana akiufunga, uzi utakatika.

Dada yako,
Kusum


Tikauli, 11 Agosti 1997

Dada Kusum,

Shikamoo, na heshima kwa wakubwa wote, hasa Baba mkwe anayesoma. Mama hajambo. Ndama amejifunza kufungua lango. Nyuzi zimefika, Halke ameufunga wake kabla ya siku, mimi nangojea sikukuu, na sasa anatamba mjini kwamba yeye ndiye ndugu wa mapema.

Matukio yote yamepigwa isipokuwa la mwisho. Pigano ni juu ya paa la mashine ya mpunga, na atakayeshindwa anatupwa chini kwenye lundo la pumba. Lundo liko tayari. Tatizo ni nani aanguke.

Halke anasema yeye ni bingwa wa mieleka wa mnada wa ng'ombe, na wapinzani wake watanunua kanda hiyo waitazame wakila. Mimi nasema nimeshanyolewa mbele ya mji mzima. Mtu hawezi kunyolewa na kuangushwa katika picha moja, hata sheria isingeruhusu. Pannalal akasema tuanguke wote. Tukakubali, asubuhi nzima tukaishi kwa amani, mpaka likazuka swali la nani atue juu ya mwenzake.

"Anguka wewe, Nandan," aliniambia mbele ya watu. "Una nusu ya masharubu, nusu ya aibu umeshaila. Malizia."

"Mzito ni wewe," nikamjibu. "Ukianguka wewe, watu watasikia bila kipaza sauti."

Tangu hapo hatusemezani. Jioni huja na kuni za Mama kama kawaida, huzitua uani, na yale anayotaka kuniambia mimi, yeye huziambia kuni. Mimi humjibu kupitia ndama. Pannalal amezifungia kanda kabatini na kuapa kwamba hakuna atakayeziona wala kunyoa wala kuota chochote mpaka mwisho upatikane.

Najua unanisubiri. Lakini barua yako inasema hukosi kitu, na Septemba iko mbali. Siwezi kumwachia hili, Dada. Nikianguka sasa, nitakuwa nimeanguka maisha.

Mdogo wako,
Nandan


Nagla Sarai, 25 Agosti 1997

Nandan,

Barua hii analeta mama muuza bangili, ambaye huvuka mto kila siku ya soko. Haijasomwa na mtu. Kwa hiyo sina salamu nyingi. Ukizitaka, soma ile ya Julai.

Watu wa nyumba hii si wabaya. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu mbaya unaweza kumshtaki kwa wazee. Hawa wanafanya tu yale ambayo yamefanywa siku zote.

Mwaka jana Dada Rampyari alizaa hapa. Mtoto alitanguliza miguu. Muuguzi yuko ng'ambo ya mto, na Rampyari aliomba aitwe. Mama mkwe akasema muuguzi ni wa watu wasio na wazee nyumbani. Walipokubali ilikuwa mchana wa siku ya pili, na hapakuwa tena na kazi ya muuguzi. Alikuwa mtoto wa kike, kwa hiyo majirani hawakuambiwa kitu, na asiyeambiwa haleti pole. Tangu siku hiyo Rampyari hasemi ila akiulizwa.

Alizalia kwenye chumba cha ghala, nyuma ya mitungi ya ngano. Juzi nimekuta kimefagiwa na kupakwa udongo mpya. Kitanda changu kimo ndani. Mama mkwe alinionyesha kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha zawadi, na nikamshukuru.

Sikukuandikia haya mwanzo kwa sababu anayesoma barua zangu ana miwani mizuri. Nilidhani utasikia ninavyosema sikosi kitu, nawe ungejua. Nilisahau kwamba wewe ni mwanamume, na una picha.

Nakuomba jambo moja. Njoo na nusu ya uso wako. Baba mkwe atanuna, Mama mkwe atauliza huu ni ukoo gani, watoto watakufuata nyuma, na kesho yake mimi nitakuwa nyumbani. Kuchekwa nimeshazoea, hakuui.

Usinijibu haya kwa posta.

Kusum


6 Septemba 1997

Dada mheshimiwa,

Shikamoo na heshima kwa wakubwa wote. Bangili zimefika, nimezielewa. Usistaajabie mwandiko, mkono wangu una kazi nyingine, kwa hiyo Pannalal ananiandikia, na anaomba radhi kwa herufi zake ambazo zimezoea kadi za harusi. Mama hajambo. Halke hajambo, au yuko kama alivyo siku zote. Picha imepata mwisho wake. Pannalal, ambaye ndiye anayeandika, anasema mwisho kama huo haujapata kuonekana wilaya nzima.

Nimechelewa kidogo kwa shughuli fulani ambayo haikunitaka ruhusa. Lakini nitakuja. Usibadilishe mpango wowote. Nitakuja, na sharubu linaota vizuri. Nitakuja tu.

Mdogo wako,
Nandan


Nagla Sarai, 14 Septemba 1997

Mdogo wangu Nandan,

Upone ikiwa unaumwa, na ushinde ikiwa unapigana. Nachagua dua mbili kwa kuwa hukuniambia ipi inahitajika. Huku sote wazima. Baba mkwe anakusalimu na ameisifu kalamu ya Pannalal.

Mhuri wa barua yako si wa Tikauli, ni wa mjini wilayani. Sikujua kwamba una shughuli huko. Umeandika nitakuja mara tatu katika karatasi moja, na hakuna hata moja iliyoshika tarehe.

Mto umeanza kupungua. Leo Baba mkwe amenikumbusha siku zilizobaki, kwa upole. Anasema zamani kaka walikuwa na mashamba, sasa wana shughuli. Nilikuwa nimefunga furushi. Nimelifungua na kuzirudisha nguo sandukuni, maana nguo zikikaa kwenye furushi zinashika ukungu. Ghalani ni pakavu. Mama mkwe amenitundikia majani ya mwarobaini mlangoni kwa mkono wake. Mimi sikosi kitu.

Usijilaumu kwa lolote ambalo hujaniambia.

Dada yako,
Kusum


Tikauli, 22 Septemba 1997

Kwa Nandan, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nimekaa juu ya kitanda chako, nimeegemea ukuta wako, na jina la Halke ulilolichora hapa ukalikwaruza nimelisoma. Mama hajambo, goti limenyamaza na hivyo hana habari ya kutoa, amebaki kunishindilia maziwa. Ndama alinifungulia lango mwenyewe. Muuguzi wa hapa amenipima, ameweka sikio, amesema mtoto amekaa vizuri na nisibebe ndoo.

Kwanza nikutukane, halafu nikusimulie.

Umevunjika mguu na mkono tangu Agosti haijaisha, ukaniandikia kwamba mkono wako una kazi nyingine. Halke ameniambia yote njiani, kwenye gari. Kwamba barua yangu ya bangili ilipofika ulimpelekea aisome, ndiyo siku mliyosemezana tena, ukamwambia, "Kesho tupige mwisho. Naanguka mimi, keshokutwa niende kwa Kusum." Kwamba alipoisoma alirudisha karatasi akasema ataanguka yeye, ili wewe ubaki mzima wa kwenda. Na kwamba nyinyi wawili, mliopoteza mvua nzima mkibishana nani asianguke, mlipanda juu ya lile paa mkaanza kupigania nani aanguke. Pannalal anasema hamkupigana hivyo picha nzima. Mkazungukana mpaka pumba zikawa upande mwingine, ukamsukuma Halke nyuma, ukaruka mwenyewe, ukatua uani kwenye mawe. Kamera ilikuwa inazunguka. Ndio huo mwisho ambao haujapata kuonekana.

Halafu, ukiwa kwenye plasta, akakuomba aje yeye kunichukua, ukamwambia kaka wa Kusum ni mmoja. Nandan. Hata ulipofungwa mguu juu hukutaka akushinde.

Basi alikuja bila kukuuliza. Juzi, Jumamosi, siku yenyewe ya mwisho.

Nilimsikia kabla ya kumwona, maana kizingiti cha juu cha kule kiko chini na yeye hakukijua mpaka alipokigonga kwa kichwa. Mimi nilikuwa ndani na Mama mkwe na Rampyari, nyuma ya ukuta wenye matundu. Aliingia na kikapu cha Mama, akagusa miguu ya kila mtu barazani, mpaka ya mtoto wa jirani aliyefuata harufu ya vitamu.

Baba mkwe akamuuliza yeye ni nani.

"Kaka yake Kusum."

"Kusum ana kaka mmoja, na nasikia ana nusu ya masharubu. Wewe unayo mengi mno."

"Hiyo nusu nyingine niliinyoa mimi, Baba."

"Umezaliwa na mama yake?"

"Hapana, Baba. Nimelelewa na chakula cha mama yake."

Baba mkwe alitikisa kichwa, wala si kwa ubaya. Alisema kijana ametoka mbali, ale, apumzike, arudi salama, lakini mke wa nyumba hii havushwi mto na mtoto wa jirani, hata jirani awe mwema vipi. Chakula kikaletwa. Halke akaketi mbele ya sahani kama gunia lililoshushwa. Mimi nilikuwa nimeshika tundu la ukuta, na nakumbuka niliwaza kwamba lile ghala halina dirisha, na kwamba sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa makini.

Ndipo Rampyari akaanza kuimba.

Unazijua nyimbo zile. Ndugu wa mke anapokula kwa wakwe, wanawake wa nyumba humtukana kwa wimbo, yeye na ukoo wake, na kadiri anavyotukanwa ndivyo anavyoheshimiwa. Mgeni baki hulishwa kimya. Hakuna anayemtukana mtu baki kwa wimbo. Ingekuwa aibu isiyooshwa na mto, wanawake wa nyumba kumwimbia mwanamume wa nje. Rampyari, ambaye kwa mwaka mzima sikumsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "chumvi imekwisha", alipandisha sauti ambayo hata mimi sikujua anayo:

"Kaka mtu amekuja, tumbo limetangulia,
masharubu mkia wa panya, puani yaning'inia!"

Mama mkwe alimfinya. Akaimba juu ya finyo. Na wanawake wa nyumba za pili, ambao tangu msimu wa harusi hawakupata wa kumtukana, walisikia juu ya kuta zao wakadhani kaka yangu amefika kweli, wakaitikia. Kichochoro kizima kikaitikia. Walimtukana baba yake, shangazi yake, nyati wa kwao na mwendo wake. Walinitukana na mimi, kwamba nimetoka kwenye nyumba ambayo wanaume huliwa masharubu na panya, na sijawahi kufurahia maneno kama hayo.

Sasa fikiria Halke. Yule aliyemng'oa meno mchinjaji kwa kumwita gunia. Akiinuka, yeye ni mtu baki na mambo yamekwisha. Shingo yake iliiva kama pilipili. Nikaona mkono wake umesimama juu ya sahani, na mkate ndani ya mkono. Kisha akainamisha kichwa, akala. Jasho lilimdondokea kwenye dengu, akazila na jasho. Wimbo ulipoelekea kuisha, akasukuma sahani mbele na kuomba aongezwe, kama inavyompasa kaka, ili watukane tena.

Baba mkwe alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana. Kiko chake cha maji kilikuwa kimezimika. Kichochoro kizima kimesikia nyumba yake ikimpokea kaka wa mkaza mwana wake. Akisema huyu si kaka, basi wanawake wake wamemwimbia nani? Aliweka miwani usoni.

"Mchukue kabla jua halijawa kali," akasema. "Siku ya arobaini anarudi."

"Nitamleta mwenyewe, Baba," Halke akamjibu, "na mnitukane tena."

Kwa hiyo usiote kwamba nimeachiwa. Nimepewa muda tu, na mlango ni ule ule. Lakini mtoto atazaliwa hapa, na muuguzi ana baiskeli.

Halke hakutaka nikuambie habari ya nyimbo. Tulipofika ng'ambo ya mto alisema nikuandikie kwamba Baba mkwe alimkaribisha vizuri, basi. Na amemwambia Pannalal picha iachwe iishe pale unaporuka, na iandikwe kwamba umeshinda. Pannalal anasema mtu aliyevunjika mguu hawezi kuandikwa kwamba ameshinda. Wanabishana hapo uani sasa hivi, na Mama amewapa mbaazi wamenye huku wakibishana.

Limebaki moja, nami nalo sijui la kulifanya. Rampyari hana kaka. Hajawahi kuwa naye. Alinifungia furushi kwa mikono yake, na hakuniaga, kwa kuwa kuniaga kungemlazimu kuacha kuimba. Gari lilipoondoka, wanawake wa majirani walinyamaza mmoja mmoja wakarudi kwenye vyungu vyao. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya Rampyari, mikono kiunoni, akimngoja amalize. Hakumaliza. Mashairi yalipokwisha aliyaanza upya. Tulifika kwenye kona ya mto nami bado naisikia, sauti moja tu, ikiendelea kumtukana mgeni ambaye hakuwepo tena.

Dada yako,
Kusum